Mvumilivu Hula Mbivu

Ndugu walimu na wanafunzi wa Kiswahili, mara nyingi katika kurasa hizi tumejadiliana juu ya ngeli na viambishi, juu ya methali na utungaji, na juu ya vitabu vinavyofaa kusomwa madarasani. Leo tunaomba ruhusa ya kuwakaribisha jikoni. Nia yetu ni kueleza jinsi vitamutamu viwili vya ndizi, kimoja cha Uganda na kimoja cha pwani, vilivyokuwa vikipikwa nyumbani kwetu tulipokuwa wadogo. Na kueleza vilevile jinsi vilivyotufunza juu ya lugha hii jambo ambalo chuo cha ualimu hakikutufunza.

Tulizaliwa na kukulia Nsambya, mojawapo ya vilima vya Kampala, karibu na nyumba za watumishi wa reli. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na katika utoto wetu shirika lake lilikuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa hiyo katika nyumba zile waliishi watu wa kila upande, na kila jioni harufu za vyakula vya makwao zilikutana hewani. Nyumba iliyopakana na uzio wetu ilikuwa ya karani mmoja wa mizigo, mzaliwa wa Tanga. Mke wake majirani walimwita Mama Tanga, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Mama yetu alikuwa Mganda, mwenye shamba dogo la migomba nyuma ya nyumba. Hakujua Kiswahili, wala hakutaka kukijua. Kwa Waganda wengi wa rika lake, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na ya watu wa kuamrisha wenzao. Serikali ya kijeshi ilipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, mama hakusema neno, ila aliizima redio. Pamoja na hayo, alipatana mno na Mama Tanga. Mwenzake huyo alikuwa na Kiganda cha kubabaisha, mama alikuwa na moyo wa ukarimu, na baina yao palikuwa na ndizi.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana neno hili ndizi limewatatiza wanafunzi wengi wa Uganda. Mswahili akisema ndizi amekusudia tunda la mgomba wowote, liwe la kupikwa au la kuliwa bivu. Akitaka kupambanua, huongeza jina: mzuzu, mkono wa tembo, bokoboko, kisukari. Mganda naye huita kila aina kwa jina lake. Matooke ni za kupika. Gonja ni zile kubwa zinazochomwa au kuchemshwa zikiwa mbivu. Mbidde ni za kukamua pombe. Bogoya ni zile ndefu za kula mbivu. Na ndiizi ni zile ndogo, tamu sana, zenye ganda jembamba, ambazo sokoni huitwa pia sukali ndiizi. Basi mtoto wa Kiganda akisikia mwalimu akisema ndizi, akilini mwake huja kile kitunda kidogo peke yake. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba watu wa Bukoba hula ndizi kwa nyama, darasa zima hucheka, na mwalimu mgeni hajui wanachocheka.

Kwa hizo ndogo ndipo mama alipotengenezea kabalagala, kitamutamu cha zamani ambacho hata leo huuzwa vibandani na kando ya barabara nchini kote. Jina hilo ni la mtaa pia, hapo hapo Kampala, lakini sisi tunazungumzia chakula. Kwanza ndizi huachwa ziive mpaka ganda lianze kupata madoa meusi, maana ndizi iliyoiva nusu haina maji ya kutosha wala utamu wa kutosha. Mama alizimenya, akaziponda kwa mikono katika bakuli la mti mpaka zikawa kama uji mzito usio na vidonge. Halafu alitia unga wa muhogo kidogo kidogo huku akikanda. Hakutia tone la maji, kwa sababu majimaji yote yanayotakiwa yamo ndani ya ndizi zenyewe. Kwa vikombe 2 vya ndizi zilizopondwa unga huwa kama vikombe 2, lakini kipimo cha kweli ni mkono: donge likiacha kunata vidoleni, unga umetosha. Yeye aliongeza chumvi kidogo na chembe ya pilipili. Kisha alilisukuma donge juu ya ubao likawa na unene usiofika sentimita 1, akakata viduara kwa mdomo wa bilauri, akavikaanga katika mafuta ya moto wa wastani. Moto mkali hauna faida hapa, kwani sukari ya ndizi huungua upesi, na kabalagala ikawa nyeusi nje ilhali ndani bado ni unga mbichi.

Kazi yenyewe huchukua kama saa moja, lakini kungoja huchukua siku kadhaa, na kungoja huko ndiko kulikotutesa sisi watoto. Mama alikuwa akiuweka mkungu juu ya uchaga uliokuwa juu ya meko, mahali ambapo Waganda hupaita kibanyi, ili joto na moshi wa kila siku uuharakishe. Mama Tanga yeye alivundika: alizifunika ndizi kwa majani makavu ndani ya pipa, akaweka tunda moja lililokwisha kuiva katikati yao. Miaka mingi baadaye tulisoma kwamba tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huyaivisha matunda yaliyo jirani; na kwamba ndizi ya kula, ikiwa mbichi, huwa na wanga kiasi cha sehemu 20 hadi 25 katika 100, lakini ikiiva hubaki na sehemu 1 au 2 tu, sehemu nyingine karibu zote zikiwa zimegeuka sukari. Wanawake wale wawili hawakuwa na neno hilo ethilini, lakini walikuwa na kazi yake mikononi. Na tazameni, ndugu walimu, jinsi lugha yetu ilivyoangalia mambo kwa makini: kuvundika ni kuivisha, na kuvunda ni kuoza. Anayevundika na kusahau atafukua kilichovunda.

Kitamutamu cha Mama Tanga kilikuwa ndizi za nazi. Nazi hazioti Kampala. Zilimfikia kwa treni, ndani ya magunia, kwa mikono ya wafanyakazi wenzake mumewe. Siku zilipofika alituita tumsaidie, na siku ya kwanza alituambia kwa upole, "Mwanangu, nipatie mbuzi." Tulikuwa na umri wa miaka 8, na neno hilo tulilijua barabara, kwa kuwa kwa Kiganda nako mbuzi ni mbuzi. Tulikwenda nyuma ya nyumba yetu, tukamfungua mbuzi wa mama kambani, tukamburuta hadi mlangoni kwa Mama Tanga huku akipiga kelele. Mama Tanga alicheka hata akakaa chini. Alipopata pumzi alituonyesha mbuzi aliyemtaka: kibao cha kukalia, chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno kwenye ncha, ambacho nazi hukunwa juu yake. Hatujapata kulisahau neno hilo mpaka leo.

Ndizi za nazi hutakiwa ziwe za mzuzu au mkono wa tembo, zilizoiva lakini bado ngumu kidogo. Mama Tanga alitumia gonja za mama yetu, zikafaa sana. Kwa ndizi 6 alikuna nazi 2, akatia maji ya vuguvugu kidogo, akakamua kwa kifumbu. Tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, aliliweka kando. Alitia maji tena katika chicha, akakamua tui la pili jepesi, na chicha wakapewa kuku. Ndizi zilimenywa, zikapasuliwa, zikatolewa kile kiuzi cha katikati, zikapangwa sufuriani na kumiminiwa tui jepesi pamoja na sukari vijiko 4, chumvi kidogo sana, na punje 5 za iliki zilizotwangwa. Zilichemka taratibu mpaka zikalainika na tui likapungua. Hapo ndipo moto ulipopunguzwa, kasimile ikatiwa, na sufuria ikatikiswa tu, bila kukorogwa kwa nguvu, ili ndizi zisipondeke na tui lisikatike. Tui likikatika, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini, na utamu wote huharibika.

Ikawa desturi: sahani ya kabalagala ikivuka uzio kwenda kwa Mama Tanga, bakuli la ndizi za nazi huvuka kurudi. Na mama yetu, aliyeizima redio, alikuwa akikaa saa nzima jikoni kwa jirani yake, akitazama na kusikiliza.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli likagawanywa, na watumishi wengi wakarudi makwao. Siku ya kuondoka Mama Tanga alikuja kwenye uzio akiwa na mbuzi yake ya kukunia na kifumbu. Alimpa mama yetu, akasema, "Mwenzangu, mimi kwetu nitapata nyingine." Mama alimpa kabalagala za njiani zilizofungwa katika jani la mgomba. Hawakuonana tena.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Vita vilianza mwaka 1978, vikafika Kampala mwaka 1979, na kwa miaka kadhaa barabara zetu zikawa na vizuizi. Siku moja mama alitoka na mkungu wa ndizi mbivu kwenda kuuza. Alirudi bila mkungu, bila fedha, na bila kiatu kimoja. Waliomsimamisha walikuwa na bunduki, na hatukuwahi kujua walikuwa watu wa nani. Tulilojua ni kwamba walizungumza Kiswahili. Mama alituambia maneno waliyomwambia, akiyatamka moja moja: simama, shuka, fungua, toa. Kisha akasema kwamba lugha hiyo isisikike tena ndani ya nyumba yake. Mbuzi ya Mama Tanga ilipandishwa juu ya uchaga, pamoja na kifumbu, ikawa kama vitu vya marehemu.

Sisi tukakua, tukasoma, na kwa sababu ambazo mama hakuzielewa tukawa mwalimu wa Kiswahili. Tulipomweleza, aliuliza swali moja tu: "Masomo mengine yalikwisha?" Kwa miaka mingi hatukuleta kitabu cha Kiswahili nyumbani. Tulikiacha shuleni, kama vile mtu anavyoacha viatu vyenye matope nje ya mlango.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka uliofuata, mama akiwa mzee na mgonjwa, na chakula kimemshinda, tulimwuliza angependa nini. Alifikiri sana, akasema kwa Kiganda kwamba angependa zile ndizi za jirani. Hatukuhitaji kuuliza ni jirani gani.

Tulinunua nazi 2 sokoni Nakasero kwa bei iliyotushangaza. Tuliiteremsha mbuzi kutoka uchagani, ikiwa nyeusi kwa masizi na ulimi wake umeshika kutu, tukausugua kwa mchanga na limau hata ukang'aa. Kifumbu kilikuwa kimeliwa na wadudu. Tulitumia kitambaa safi. Tulikuna, tukakamua, tukapanga gonja sufuriani, mama akiwa amelala juu ya mkeka karibu na mlango wa jiko. Tulikuwa na haraka, kama ilivyo kawaida ya mwalimu aliyezoea kengele, tukamimina kasimile yote sufuriani ilhali tui la pili lingali likitokota kwa nguvu.

Sauti ikatoka mkekani: "Punguza moto. Tui linakatika."

Tuligeuka. Hapakuwa na mtu mwingine. Mama alikuwa ameinua kichwa, akiitazama sufuria, na alikuwa amesema Kiswahili. Hatukujibu, kwa kuogopa kwamba tukijibu atanyamaza. Tulipunguza moto. Akaendelea, kwa lafudhi ya Tanga iliyopita katika kinywa cha Kiganda, kutuambia tusikoroge, tutikise, tuongeze iliki, chicha tuwape kuku. Maneno yake yote ya Kiswahili siku ile hayakuzidi ishirini, na kila moja lilikuwa la jikoni kwa Mama Tanga. Alikuwa ameyahifadhi kwa miaka 29, chini ya masizi, kama ile mbuzi.

Tui lilikuwa limekwisha kukatika kidogo, na ndizi hazikuwa nzuri kama za zamani. Alikula vipande viwili. Kisha akauliza, kwa Kiganda sasa, "Na kabalagala, wao huiitaje?" Tulifikiria kumwambia vitumbua vya ndizi, lakini vitumbua ni vya mchele na huchomwa katika chombo chenye vishimo, tukafikiria maandazi, lakini maandazi ni ya ngano na hamira. Tulimjibu kwamba Kiswahili hakina jina lake, kwa hiyo tukisema Kiswahili tutaiita kabalagala. Alionekana kuridhika. "Basi na wao wamechukua kitu kwetu," akasema.

Ndugu walimu, muhula ulipoanza tulirudi shuleni. Tulisimama mbele ya darasa la wanaoanza, tukafungua maandalio yetu ya somo la kwanza, yale tuliyoyatumia kwa miaka mingi bila kuyatazama. Yaliandikwa: simama, kaa, njoo, fungua, funga, toa, weka. Ni maneno mafupi, ni rahisi kutamkwa, na yanafaa kuonyeshwa kwa vitendo. Ndiyo sababu vitabu vingi huanza nayo. Lakini siku ile tulisikia ndani yake sauti nyingine. Matatu kati ya yale maneno manne ya kizuizini yalikuwa pale pale, katika mwandiko wetu wenyewe. Tulikuwa tumewafundisha watoto wa nchi hii lugha ya Mama Tanga kwa kuanza na sarufi ya watu waliomnyang'anya mama yetu ndizi.

Hatusemi kwamba hali ya kuamuru ifutwe. Hakuna lugha isiyo nayo, na mama mwenyewe alituamuru tupunguze moto. Tunalosema ni kwamba tangu siku ile somo letu la kwanza huanza na ndizi. Wanafunzi huleta ndizi mbivu, sisi huleta unga wa muhogo, na maneno ya mwanzo wanayojifunza ni naomba, nipatie, tuponde, tukande, tuonje, karibu, ahsante. Hali ya kutaka, ambayo vitabu huichelewesha hadi kurasa za mbali, huingia vinywani mwao siku ya kwanza, kwa sababu hakuna anayepika na wenzake bila ya kuihitaji. Upatanisho wa kisarufi nao hufuata wenyewe: ndizi mbivu, papai bivu, maembe mabivu. Hata ubishi juu ya ngeli ya kabalagala una faida. Wanafunzi wetu walishindana, kisha wakakubaliana kwamba tuseme kabalagala hii na kabalagala hizi.

Ndizi za nazi tunazipika mara moja tu kwa mwaka, kwa ajili ya gharama ya nazi. Mbuzi ya Mama Tanga hupitishwa mkono kwa mkono, na kisa cha mbuzi wa mama husimuliwa upya. Wapo wazazi wanaotuuliza kwa nini watoto wao wanapika katika somo la lugha. Wapo pia, hasa walio wazee, wasioniuliza chochote, lakini nyuso zao zinasema walichokutana nacho barabarani zamani. Hao ndio tunaowaalika waje kuonja.

Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulilifurahia tangazo hilo, maana tulilingoja maisha yetu yote ya kazi. Lakini tulikumbuka pia tangazo la mwaka 1973, na redio iliyozimwa. Tangazo laweza kuileta lugha hadi mlangoni. Kuikaribisha ndani ni kazi ya wenye nyumba, na kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja, kama vile mkungu haujaiva kwa siku moja hata ukiwekwa juu ya moto.

Mama yetu amekwisha kufariki. Sasa tumestaafu, lakini bado twaitwa na walimu vijana kuwaonyesha jinsi ya kutenga kasimile na tui jepesi. Kila mara mmoja wao huwa na haraka, na kila mara tunajikuta tukisema yale yale, kwa sauti isiyo yetu: punguza moto, tui linakatika. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Nasi twawaombea ninyi nyote, mnaofundisha na mnaojifunza, mfike siku ya kuila, na mpate jirani wa kumpelekea sahani.